Siku Sindano Ilipodanganya Masara

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kitambaa cha kufunga macho.

Ilikuwa Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana iliyokuwa upande wa mji unaoteremkia mtoni. Nilikuwa nimetoka kwetu karibu na Kehancha, binti wa mkulima wa tumbaku, nikiwa na cheti cha ufundi wa magari. Chuoni nilikuwa msichana peke yangu darasani, kwa hiyo nilidhani nimeshazoea kutazamwa. Nilijidanganya. Nilipoingia pale, nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine mpaka nikasikia viatu vyangu mwenyewe vikikanyaga changarawe.

Mwenye karakana alikuwa Bwana Athmani, mfanyabiashara kutoka Mombasa ambaye sote tulimwita Tajiri. Alinipeleka moja kwa moja kwa Fundi Mkuu.

"Ochola, binti huyu aitwa Boke. Ataka kazi ya injini, si ya kufagia. Mpime, kisha uniambie."

Fundi Mkuu, Mzee Ochola, alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kwa miaka mingi ya kuchungulia chini ya boneti. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu. Kutoka Isebania mpaka Rongo watu walimjua kwa jambo moja: alirekebisha kabureta kwa masikio tu. Wenye malori waliacha karakana za karibu na kwao wakaja Migori ili yeye ainame juu ya injini, afumbe macho, na kugeuza skrubu kidogo kidogo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia kwenye magari ya kompyuta. Kabureta ni chombo cha chuma kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini kuchomwa. Hewa hupita kwenye koo lake jembamba, na ikipita huvuta petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Petroli ikizidi, tunasema mchanganyiko ni mzito: moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, na injini inazama katika mafuta yake yenyewe. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi: injini inakohoa, inapandwa na joto, na vali zinaungua kimyakimya. Kazi ya fundi ilikuwa kuvipatanisha vitu hivyo viwili.

Fundi Mkuu aliwasha pikapu moja, akanifunga macho kwa kile kitambaa.

"Sikiza," alisema. "Hii mchanganyiko ni mzito ama ni mwepesi?"

Nilisimama pale, jasho likinitiririka mgongoni, nikijua kwamba nikikosea nitarudi kuning'iniza majani ya tumbaku maisha yangu yote. "Mzito," nilijibu.

"Umejuaje?"

"Inajikokota, halafu moshi unawasha pua."

Mafundi walicheka. Yeye hakucheka. "Pua sikuifunga," alisema. "Hiyo ni haki yake. Kesho kuja na ovaroli."

Nilifanya kazi chini yake kwa muda, na sitasema ulikuwa muda mwepesi. Alikuwa mkali. Ukiangusha skrubu alikuangalia mpaka uipate. Lakini alinifundisha kusikiliza, na hakuwahi kunituma chai.

Kisha Tajiri akafungua tawi Homa Bay, na mimi nikapelekwa huko. Msimamizi wa Tawi alikuwa Bwana Nyakundi, Mkisii na Msabato wa kweli, mtu ambaye Ijumaa jua likianza kuinama alifunga karakana hata kama gari la mkubwa wa wilaya lilikuwa limepasuliwa sakafuni. Kwake ndiko nilikoiona geji kwa mara ya kwanza.

Tajiri aliinunua Mombasa. Ilikuwa kisanduku cha bati chenye uso wa kioo na mpira mrefu ulioishia na mdomo wa chuma. Mdomo ule uliingizwa kwenye ekzosi, nyaya mbili zikafungwa kwenye betri, na kisanduku kikishapata joto, sindano ilianza kutembea juu ya namba, kuanzia kumi mpaka kumi na sita. Namba hizo zilikuwa uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa petroli. Kwenye kumi na nne na nukta saba petroli yote inaungua na hewa yote inatumika. Injini inayovuta mzigo inataka petroli zaidi ya hapo kidogo, karibu na kumi na tatu. Sindano ikipanda kwenye kumi na sita, kuna kitu kitaungua. Ikilala kwenye kumi, kuna kitu kitazama.

Bwana Nyakundi aliipenda geji ile, lakini hakuiamini kwa upofu. Alinifundisha sheria moja na kuirudia kila asubuhi.

"Boke, hiki kisanduku hakijui gari. Kinajua moshi tu. Moshi ukichanganyika na hewa ya nje njiani, kwa mfano ekzosi ikiwa na ufa, kitakwambia kwamba injini ina hewa nyingi. Na injini haina. Sasa wewe utafanya nini?"

"Nitakagua ekzosi kwanza, Msimamizi."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kugusa skrubu."

Siku moja tulipeleka pikapu ya mwalimu mmoja barabarani tukielekea Magunga. Fundi mwingine alikuwa ameibana jeti ili gari lile lisinywe petroli nyingi. Tulipitisha mpira wa geji dirishani, mimi nikaendesha, Msimamizi akapakata kisanduku magotini. Kwenye njia tambarare gari lilikuwa sawa. Tulipoanza kupanda, kando ya mbuga, nikasikia injini inagonga kama mawe ndani ya debe.

"Sindano?" niliuliza.

"Kumi na sita, na inataka kutoka nje ya kioo. Simama."

"Hapa, Msimamizi? Kuna nyati."

"Nyati wako mbali. Vali ziko karibu."

Tulifungua boneti pale pale, mbung'o wakituuma shingoni kupitia nguo, harufu ya rangi iliyoungua ikitupanda puani. Nilibadilisha jeti nikigeuza kichwa kila kichaka kilipochezacheza. Gari lilirudi mjini salama. Mwalimu alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba gari lake linakwenda vizuri kuliko wakati wowote. Tangu hapo nilijua kwamba injini inaweza kuwa inakufa huku mwenyewe anaisifu.

Niliporudishwa Migori nilimkuta Fundi Mkuu amebadilika. Tajiri alikuwa amenunua geji ya pili, na nilitarajia kuikuta imefunikwa vumbi, kwa sababu Mzee Ochola alishawahi kuiita redio isiyo na habari. Badala yake alikuwa haachani nayo. Gari likiingia, jambo la kwanza lilikuwa kuingiza ule mpira kwenye ekzosi. Hakufumba macho tena. Alitazama sindano, akageuza skrubu, akatazama sindano.

Kulikuwa na mambo mengine. Alitaka kila mtu asimame mbele yake, mahali penye mwanga, ndipo aseme. "Usiongee na mgongo yangu," aliwaambia mafundi. Ukimwita akiwa chini ya gari hakuitika. Wengine walisema ukubwa umempanda kichwani. Mimi nilidhani amechoka, au labda amenikasirikia kwa kuwa nilijifunza kwa mtu mwingine.

Sasa nifike Masara.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Masara, kama mjuavyo, watu huchimba dhahabu kwa mikono, mashimo marefu yanayoshuka wima, kisha handaki linalofuata mwamba kwenda pembeni. Asubuhi moja alikuja mtu kwa pikipiki, matope mpaka kifuani, akasimama katikati ya karakana. Alikuwa Mwenyekiti wa shimo moja kule.

"Handaki imeanguka," alisema. "Watu wanne wako nyuma ya kifusi. Wako hai, wanagonga bomba. Vijana wanachimba kuwatoa, lakini maji inapanda na injini ya pampu imeanza kukataa. Ikizima, wale wanaochimba lazima watoke. Na hawa wanne..."

Tajiri hakuuliza kitu. "Ochola, chukua gari langu. Boke, nenda naye. Na ile geji."

Tulikuta watu wamejaa mlimani, na juu ya vichwa vyao ngurumo ya injini moja. Ilikuwa injini ya petroli ya kutumia mahali pamoja, imefungwa kwenye fremu ya chuma karibu na mdomo wa shimo. Ilizungusha jenereta, na jenereta ikatoa umeme kwa pampu iliyozamishwa chini kabisa. Maji yalipanda kupitia bomba la chuma. Kando ya bomba hilo alipiga magoti mwanamke mmoja, viganja vyote viwili vimelishika. Aliponisikia nikizungumza na Mwenyekiti alitambua lafudhi yangu, akanisemesha Kikuria. Aliitwa Nyangi. Mumewe, Chacha, alikuwa mmoja wa wale wanne.

"Wanagonga," aliniambia. "Shika usikie."

Nilishika. Bomba lilitetemeka kwa maji yaliyokuwa yakipita, lakini ndani ya mtetemo ule kulikuwa na kitu kingine, tok, tok, kisha kimya, kisha tok. Nywele zilinisimama mikononi.

Taa moja ilikuwa imening'inizwa mdomoni mwa shimo, ikitumia umeme ule ule. Kila injini ilipokohoa, taa ilififia, na maji kwenye bomba yakapungua. Kutoka chini sauti ilipanda: "Magotini! Imefika magotini!"

Injini kama ile ina kabureta yenye skrubu mbili. Ndogo ni ya mwendo wa polepole. Kubwa ni ya jeti kuu, ile inayolisha injini ikiwa kazini, na unaweza kuigeuza injini ikiendelea kuzunguka. Hilo ndilo lilikuwa tumaini letu, kwa maana kuizima hatukuweza. Injini iliyokuwa na hali ile, ukiizima, huna hakika itawaka tena.

Fundi Mkuu alifunga nyaya kwenye betri, akaingiza mdomo wa geji kwenye ekzosi. Tulingoja ipate joto. Sindano ikaondoka, ikapanda, ikasimama kumi na sita.

"Nyepesi," alisema kwa sauti kubwa. "Inakosa petroli." Akashika skrubu kubwa na kuifungua robo.

Injini ilivuta pumzi, kisha ikakohoa vibaya kuliko kwanza. Taa ikawa nyekundu. Sindano haikushuka hata kidogo.

"Bado nyepesi," alisema, akafungua robo nyingine.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nimeinama karibu na kichwa cha injini, na hapo nilisikia kitu. Chini ya ngurumo, mahali manifodi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa ekzosi, inaposhikana na injini, kulikuwa na mluzi mfupi mfupi, tss, tss, tss. Nilitazama. Kandokando ya ile sehemu palikuwa na masizi mapya, meusi kama chungu. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kiungo kile, ilikuwa imepasuka. Moshi ulitoka pale, na kati ya pigo moja na jingine hewa ya nje ilivutwa ndani. Hewa hiyo ndiyo geji iliyokuwa inaisoma. Injini haikuwa nyepesi hata kidogo. Ilikuwa nzito, imeanza kuzama, na sisi tulikuwa tunaimwagia petroli zaidi.

"Fundi!" nilipaza sauti. "Manifodi inavuja! Sindano inadanganya!"

Hakugeuka.

"Fundi Mkuu! Funga! Usifungue!"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye skrubu, bisibisi imeingia kwenye mfuo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha geji, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: uso wa mtu aliyening'inia kwenye kamba moja tu. Nilikuwa nimeita mara mbili, hatua moja kutoka kwake, kwa sauti iliyowafanya watu wote wanitazame. Yeye peke yake hakunitazama. Ndipo nilipoelewa.

Niliruka juu ya fremu nikamshika kifundo cha mkono.

Watu waliguna. Binti wa miaka ishirini na kitu amemkamata mzee mkono mbele ya umati, na mzee yule ndiye waliyemtegemea. Mwenyekiti alinishika bega kwa nguvu. "Wewe, wacha fundi afanye kazi!"

Sikuachia. Fundi Mkuu alinigeukia kwa hasira, na sasa akawa anaiona midomo yangu. Nikasema polepole, "Manifodi. Inavuja. Weka mkono."

Alinitazama. Taa ilififia tena. Kisha akapeleka kiganja chake karibu na ile sehemu, na alipokirudisha kilikuwa na mstari wa masizi katikati, kana kwamba mtu amemchora kwa makaa.

Alikiangalia kiganja hicho. Halafu akainama, akaleta mdomo wake sikioni mwangu ili aniambie siri. Lakini mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani, na maneno yale aliyotaka yawe yangu peke yangu yalisikika mpaka kwa wanawake waliokuwa nyuma kabisa.

"Sisikii, Boke. Masikio yangu yameisha. Sisikii chochote."

Mkono wa Mwenyekiti ulitoka begani mwangu wenyewe.

Fundi Mkuu alinitia bisibisi mkononi. "Wewe sikiza na ugeuze. Mimi nitaziba, halafu nitakusomea sindano."

Alichota udongo wa shimo, ule wa kijivu unaonata, akaukanda na maji mpaka ukawa kama unga wa chapati. Alichana kipande cha bati, akachukua waya. Na injini ikiwa inaunguruma, manifodi ikiwa na joto la kuchoma nyama, alibandika udongo ule kwenye ufa kwa vidole vyake, akaufunika kwa bati, akauzungushia waya na kukaza. Mvuke ulipanda. Nilinusa ngozi inayoungua. Hakutoa mkono mpaka udongo ulipokauka na ule mluzi ukakatika.

Sindano ilianguka kutoka kumi na sita, ikapita namba zote, ikalala kwenye kumi.

Ndiyo hali halisi ilivyokuwa. Injini ilikuwa imebakiza kukohoa mara chache tu.

Nilianza kufunga skrubu. Si robo, bali nusu ya robo, kwa sababu injini iliyozama ukiipunguzia petroli ghafla inaweza kufa kwa mshtuko. Kila nilipogeuza nilingoja, nikisikiliza. Fundi Mkuu alipiga magoti mbele ya kioo, akainua vidole vyake vilivyoungua kunionyesha. Kidole kimoja: kumi na moja. Plagi moja ilikuwa bado haichomi. Niliisikia, pigo moja lililokosekana katika kila mzunguko, kama mtu anayechechemea. Nikageuza tena. Injini ikayumba, taa ikazimika kabisa, na kutoka chini mtu akapiga yowe, "Kiunoni!"

Mkono wangu ulitaka kurudisha skrubu nyuma. Nilisimama nao pale pale. Nilisikiliza. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Kisha katika ule ukimya pigo la nne likaingia, dhaifu, likapotea, likarudi, likabaki. Masizi yalikuwa yameungua kwenye plagi.

Taa iliwaka njano, halafu nyeupe. Fundi Mkuu aliinua vidole vitatu, akakunja kimoja nusu: kumi na mbili na nusu. Niligeuza unywele mmoja zaidi. Vidole vyote vitatu vikanyooka: kumi na tatu. Nikatoa bisibisi na kurudi nyuma, na maji kwenye bomba yakaruka kwa nguvu kiasi cha kumlowesha Nyangi kichwa kizima. Hakuliachia bomba.

Tulikaa na injini ile, mimi nikisikiliza, yeye akitazama, bila kusemezana, jua likipanda juu yetu. Kila udongo ulipoanza kupasuka aliubandika mwingine. Maji yalishuka magotini, kisha kwenye vifundo. Alasiri, vijana walivunja kifusi. Walimtoa wa kwanza kwa kamba, macho yamefungwa kwa shati asiumizwe na mwanga. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

Wa nne alikuwa Chacha. Wenzake walisema dari ilipoporomoka lilimwangukia jiwe, akafa hapo hapo, kabla maji hayajaanza kupanda. Waliokuwa wanagonga bomba walikuwa watatu tangu mwanzo. Mkewe alikuwa amelishika siku nzima.

Tuliporudi Migori habari zilikuwa zimetutangulia. Tajiri alikuwa amekaa kwenye benchi la mafundi, kofia mapajani. Alimngoja Fundi Mkuu asimame mbele yake penye mwanga, jambo lililonionyesha kwamba ameshaambiwa kila kitu.

"Ochola, mbona hukuniambia?"

"Ungenifukuza."

Tajiri alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, wala hakutaka kujipamba. "Huenda ningekufukuza," alisema. "Sasa siwezi. Lakini peke yako hutagusa injini tena. Utakuwa na Boke. Akikosekana yeye, wewe pia hufanyi."

Ilimuuma. Kwa wiki nyingi hakunitazama usoni ila alipolazimika kusoma midomo. Mikono yake ilipopona, makovu yakiwa yameng'aa kwenye vidole, alianza kuzungumza nami tena, kidogo kidogo. Akanieleza kwamba masikio yalianza kumwacha wakati mimi niko Homa Bay, sauti nyembamba kwanza, kisha mlio wa mbali usiokoma, kisha hakuna kitu. Miaka mingi ya injini zisizo na ekzosi, bila pamba masikioni. Geji, alisema, ilikuja kama mtu aliyemshika mkono gizani, na ndiyo maana aliishika bila kuiuliza inampeleka wapi. Tulifanya kazi pamoja hivyo, yeye macho na mimi masikio, mpaka siku aliyochukua kisanduku chake cha spana na kwenda kwao upande wa Magunga. Mimi nikawa Fundi Mkuu baada yake. Niliwalazimisha mafundi wote kuziba masikio, na waliokataa niliwarudisha nyumbani.

Mimi mwenyewe nimestaafu sasa. Kabureta zimebaki kwenye mashine za kukata nyasi na pikipiki za zamani, na vijana wa leo huchomeka waya na kusoma kila kitu kwenye simu. Siwaonei wivu, wala siwadharau. Wanapokuja kuniuliza, huwaambia nilivyoambiwa na Bwana Nyakundi, kwamba chombo kinajua kile tu kinachokifikia. Halafu huwauliza kama wenzao wa karakanani wanaitika wakiitwa.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu nilikwenda kumwona Mzee Ochola. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba, mwembamba, macho bado makali. Mjukuu wake alituletea uji. Tulizungumza kwa namna yetu, mimi nikisema polepole karibu na uso wake. Baada ya kumaliza uji alifuta mdomo na kuniuliza jambo ambalo kumbe alikuwa amelibeba miaka yote ile.

"Siku ile Masara, walipotolewa wale watu, niliona midomo yote iko wazi. Wanawake, wanaume, Mwenyekiti, wote. Walikuwa wanasema nini?"

Sikuwahi kufikiria kwamba hakujua.

"Walikuwa wanaita majina," nilisema. "Ya wale waliotoka. Na la Chacha."

"Na jina langu? Kwa sababu nilifungua ile skrubu. Mara mbili nilifungua."

"Chacha alikufa kabla hatujafika, Fundi. Wenzake walisema."

"Hiyo uliniambia. Mtu humwambia mzee mambo mengi ya kumtuliza. Nauliza midomo. Walinitaja?"

"Hapana. Hakuna aliyekutaja. Hata mmoja."

Aliendelea kuitazama midomo yangu, kama anangoja iongeze neno. Sikuongeza. Mabega yake yakashuka taratibu.

"Sema tena," aliniambia, akasogeza kiti karibu.

Nikasema tena.